Matembezi ya Karibu na Nyumbani ni Dawa ya Familia Nzima



Kila mwaka shule zinapokaribia kufungwa, pale kliniki yetu ya presha na kisukari huanza kusikika mazungumzo ya aina moja. Mama mmoja atasema watoto wake wanadai kupelekwa Dar es Salaam wakaone bahari. Mwingine atasema wa kwake waliahidiwa Mikumi wakaone tembo, lakini ada ya Januari imeshameza kila kitu. Baba mmoja mkulima wa nyanya alisema watoto wa siku hizi wamezoea simu na televisheni, hata ukiwapa pori zima hawatajua la kufanya nalo. Mimi husikiliza huku nafunga mkanda wa kipimo kwenye mkono wa mgonjwa anayefuata. Mwezi huu nimeona nieleze yale ambayo huwa nawajibu. Na kwa kuwa si vizuri kumhubiria mtu jambo ambalo mwenyewe hukulifanya, nitaanza na nyumbani kwangu.

Nilimwahidi kitinda mimba wangu kwamba akimaliza darasa la sita tutakwenda kuona bahari. Tulikuwa tumeanza kuweka akiba, mimi na baba yake, kidogo kidogo ndani ya kopo la maziwa. Mwaka 2018 mume wangu akaugua, na Oktoba mwaka huohuo tukamzika. Fedha za kopo zilikwisha hata kabla ya mazishi. Ilipofika Desemba nilikuwa nimejiandaa kumweleza mtoto kwamba bahari haiwezekani, lakini yeye hakuuliza. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayeacha kudai kitu alichoahidiwa si mtoto mwema tu, huenda ni mtoto anayeumwa ndani. Alikuwa anatoka shule, anakula, anaingia chumbani na kufunga mlango. Ukimwuliza unaendeleaje, jibu ni moja: "Salama, mama."

Wakati huohuo mwenzangu wa wodini alinipima presha kwa utani tu wakati wa chai, kipimo kikasoma 168 kwa 102. Tukarudia siku mbili nyingine, hali ni ileile. Daktari akaniandikia vidonge, kisha akanitazama na kusema, "Mama, unajua mwenyewe ninachotaka kusema. Punguza chumvi, na utembee." Niliona aibu. Maneno hayohayo nimewaambia wagonjwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na mimi mwenyewe nilikuwa napanda bodaboda kutoka kituo cha daladala hadi mlangoni.

Basi Jumamosi moja ambayo sikuwa zamu nilimwamsha kijana alfajiri nikamwambia avae viatu, tunakwenda Gangilonga.

Wasomaji wa Iringa wanalifahamu jiwe hilo. Kwa Kihehe jina lake maana yake ni jiwe linaloongea, na wazee husimulia kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akienda pale kukaa na kutafakari mambo ya nchi. Linaonekana kutoka karibu kila mtaa wa mji. Lakini ukiuliza watu kumi waliozaliwa mjini kama wamewahi kulipanda, utashangaa ni wangapi watakwambia bado. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimeishi chini ya jiwe hilo miaka mingi na kuliona kama mtu anavyoiona nguzo ya umeme.

Kutoka mtaani kwetu ni mwendo wa kama saa moja kwa miguu. Nilisimama mara tatu kupumzika, nikisingizia kamba ya kiatu. Juu tulikuta upepo na mwanga wa asubuhi, na mji mzima uko chini yetu. Nilikuwa na viazi vitamu vilivyochemshwa, karanga, na chai kwenye chupa. Kijana akaanza kutafuta: hili paa la kanisa, ule uwanja wa Samora, ile barabara ya kwenda Dodoma, na paa letu liko wapi? Akalipata. Kisha akauliza, "Na makaburini ni upande gani?" Nikamwonyesha.

Tulikaa kimya muda mrefu. Halafu, huku anatazama mbele na si kunitazama mimi, akaniambia kwamba siku ile baba alipozidiwa, yeye alikuwa ameambiwa akae naye nyumbani, akatoroka kwenda kucheza mpira. Alikuwa amebeba jambo hilo peke yake tangu Oktoba. Niliweka kikombe chini nikamweleza kama ninavyowaeleza ndugu wa wagonjwa wodini, bila kumficha kitu: kwamba moyo wa baba yake ulikuwa umechoka kusukuma damu kwa sababu ya presha ya miaka mingi, kwamba maji yalikuwa yamejaa kwenye mapafu, na kwamba hata mimi muuguzi ningekuwa pale nisingeweza kufanya zaidi ya kumkimbiza hospitali. Alilia, nami nikalia. Kisha tukala viazi.

Nimefikiri sana kwa nini aliweza kusema pale na si nyumbani. Nadhani sababu moja ni kwamba mzazi akimwita mtoto na kumwambia "njoo ukae hapa tuzungumze", mtoto anajua tayari kuna kesi. Mkitembea bega kwa bega hakuna anayemkazia mwenzake macho, miguu ina kazi yake, na maneno yakija yanakuja, yasipokuja hakuna aibu. Hata kinababa ambao nyumbani ni wakali kama askari wa forodha nimewaona njiani wakicheka na watoto wao.

Sasa tuangalie upande wa mwili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kadiri, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku. Mazoezi ya kadiri ni yapi? Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji mashine: ukiwa unatembea uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza. Mkulima anayelima kutwa nzima hana haja ya kuhesabu dakika, anazo tele. Ninaosema nao ni sisi wa ofisini, wa dukani, wa cherehani, madereva, walimu, na wauguzi wenye bodaboda.

Kutembea namna hii mara kwa mara hushusha presha, husaidia mwili kutumia sukari vizuri, huimarisha mifupa na magoti, na humpa mtu usingizi. Kwa watoto kuna faida nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui. Utafiti wa macho katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba watoto wanaokaa muda mrefu nje kwenye mwanga wa mchana hawapati kwa wingi tatizo la kutoona mbali kama wanaoshinda ndani. Kwa hiyo mtoto anayetazama milima hapotezi muda wake.

Lakini niseme wazi, matembezi hayaondoi vidonge. Kila mwezi tunapokea mtu aliyeacha dawa za presha kwa sababu "sasa anafanya mazoezi", na wengine tunawapokea wamepooza upande mmoja. Mimi natembea na vidonge vyangu nameza.

Baada ya Gangilonga tulipata hamu. Jambo linalonishangaza mpaka leo ni kwamba tulikuwa tunaota bahari ya mbali wakati tumezungukwa na mambo ambayo watu wanapanda ndege kuja kuyaona. Chukua Isimila, kiasi cha kilometa 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Pale mnatazama zana za mawe zilizochongwa na watu walioishi miaka zaidi ya laki mbili iliyopita. Mahali hapo palijulikana kwa wataalamu mwaka 1951, na uchimbaji ukafanywa miaka ya mwishoni mwa hamsini. Yamepatikana pia mabaki ya kiboko wa kale ambaye macho yake yalisimama juu ya kichwa kuliko ya kiboko wa leo. Ukishuka bondeni unakuta nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua na upepo, na mtu anasimama chini yake akiwa mdogo kama kuku. Kijana wangu alishika jiwe moja la kukatia, mlinzi akiwa anamwangalia, akasema, "Mama, linaingia mkononi vizuri." Aliyelichonga naye alikuwa na mkono kama wetu.

Kalenga nako ni karibu, kama kilometa 15 hivi. Katika nyumba ya makumbusho ya pale limehifadhiwa fuvu la Mkwawa. Watoto wengi wanasoma habari zake kitabuni kama hadithi ya nchi nyingine: kwamba tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwashinda Wajerumani pale Lugalo, kwamba ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, kwamba mwaka 1898 Mkwawa alijiua asikamatwe, na kwamba fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 ingawa Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikuwa umeagiza lirudishwe. Ukimsimamisha mtoto mbele ya fuvu lenyewe, huhitaji tena kumwambia anyamaze asikilize. Na mjini kabisa, jengo la Boma la wakati wa Wajerumani limekuwa makumbusho tangu mwaka 2016. Hapo hata bibi mwenye magoti mabovu anaweza kufika na kuketi.

Sehemu hizi zina kiingilio, na kwa Watanzania huwa ni kidogo kuliko kwa wageni. Ulizia kabla ya kwenda ili usimwaibishe mtoto mlangoni. Kama hata nauli hakuna, msivunjike moyo. Walio vijijini wana kilima chao, chemchemi yao, mti mkubwa wenye hadithi, na mzee mmoja anayejua kwa nini bonde fulani linaitwa hivyo. Familia moja ya jumuiya yetu ilifuata mfereji wa umwagiliaji kutoka shambani kwao hadi mahali unapoanzia, asubuhi nzima, na watoto walikuwa hawajawahi kujiuliza maji yale yanatoka wapi. Na usiku je? Kuanzia Novemba, mawingu yakiruhusu, tandikeni mkeka uani baada ya chakula mkitafute Kilimia upande wa mashariki, kile kikundi cha nyota ndogo ambacho wazee walikitazama kujua majira ya kulima. Haigharimu hata shilingi, ila mvae masweta. Baridi ya Iringa wageni wanaijua.

Nisije nikaonekana fundi wa mambo haya. Nimefanya makosa, na moja sijalisahau. Mara ya pili kwenda Isimila nilichukua watoto wa majirani, jumla wakawa kumi na mmoja. Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya kusubiriana, tukafika jua likiwa kali, na maji yalikuwa chupa moja kwa watoto watatu. Kati yao alikuwepo binti wa miaka minane mwenye ualbino. Mama yake alinikabidhi mtoto kwa imani kwa kuwa mimi ni muuguzi. Nilimwona amevaa gauni lisilo na mikono, nikajisemea tutakaa kivulini. Bondeni kule kivuli saa sita hakuna. Jioni ngozi ya mabega na shingo ilikuwa imeiva, mtoto analia akiguswa na shati. Nilikwenda mwenyewe kumweleza mama yake. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Sista, ni mara yake ya kwanza kualikwa mahali." Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana.

Kwa hiyo sasa nina utaratibu, na nawashirikisha. Tunaondoka mapema, saa kumi na mbili na robo, anayechelewa tunamwacha, na ikifika saa tano tuko njiani kurudi au tumekaa kivulini. Mtoto mwenye ualbino anavaa kofia ya ukingo mpana kuzunguka kichwa chote, si kapelo, na shati la mikono mirefu, na losheni ya kukinga jua anapakwa kabla ya kutoka na tena njiani. Jua kwa ngozi yake si suala la kuungua siku moja tu, linalimbikiza hatari ya saratani. Hiyo si sababu ya kumfungia ndani, ni sababu ya kupanga saa.

Maji yawe yaliyochemshwa, angalau lita moja kwa kila mtu, zaidi kama kuna joto. Soda si maji. Na kwa kinababa wa huku kwetu, ulanzi nao si maji, hata kama umegemwa asubuhi hiyohiyo. Mnapofika mtoni, watoto watataka kuingia. Mahali penye maji yaliyotulia na majani pembeni ndipo wanapokaa konokono wa kichocho, na mto unaopita kwa kasi una hatari yake nyingine. Sisi tunakaa ukingoni, tunarusha mawe, basi.

Nyuki wakiwavamia, kimbieni, msisimame kuwapigapiga. Funika uso kwa nguo na muelekee ndani ya nyumba au gari. Mkishakuwa salama ondoeni miiba haraka kwa kukwangua na ukucha, na weka kitambaa cha maji baridi. Mtu akivimba midomo au akianza kupumua kwa shida ni hospitali mara moja. Nyoka akimuuma mtu, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, na lile jiwe jeusi liacheni. Mvue pete na viatu, mlaze, mkataze kutembea, funga kiungo kwa kijiti kisichezecheze kama vile umefunga mfupa uliovunjika, kisha mbebeni hadi hospitali. Msimtafute nyoka mumlete. Tumewahi kupokea watu wawili badala ya mmoja kwa sababu hiyo. Ili msifike huko, vaeni viatu vya kufunika mguu, na mtoto asiingize mkono kwenye tundu la jiwe.

Mwenye kisukari abebe kitu cha kula na sukari kidogo mfukoni, na jioni atazame nyayo zake, kwani lengelenge asilolihisi ndilo linaloanzisha kidonda. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta nyumbani. Na anayebanwa kifua akipanda mlima aketi chini, asiseme ni uzee, aje tumpime.

Mengine mtajifunza wenyewe. Simu tunachukua moja tu, ya dharura, na inakaa kwenye mfuko wangu. Hilo lilileta mgogoro mwanzoni, nami sikushinda kwa maneno. Nilishinda kwa kumpa kijana daftari la kurasa arobaini na nane na kumfanya mwandishi wa safari: tulitoka saa ngapi, tuliona nini, nani alianguka, mama alisimama mara ngapi kufunga kamba ya kiatu. Ukurasa wa Gangilonga unasema mara tatu. Ukurasa wa mwaka uliofuata, njia ileile, unasema hata mara moja hakuna, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu "amejitahidi", kama mwalimu.

Presha yangu kwenye kipimo cha mwisho ilikuwa 136 kwa 84, vidonge vikiwa vilevile. Kijana sasa amekuwa mkubwa, yuko mbali kwa masomo, na bahari ameshaiona kwa fedha zake mwenyewe. Aliniletea kombe, liko juu ya kabati karibu na picha ya baba yake. Daftari la pili anaandika yule binti, ambaye mama yake alinikubalia tena baada ya mimi kwenda kuomba mara mbili.

Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa tunakwenda Igeleke, upande wa barabara ya Dodoma, kutazama michoro ambayo watu wa kale waliichora juu ya jiwe. Majirani wawili wamesema wanakuja na watoto wao. Viazi nitachemsha mimi, karanga atakuja nazo mama wa binti, na binti mwenyewe jana alipita dirishani akauliza kama kalamu nyekundu bado ipo.